Ua la Usambara na Pazia la Jina: Maoni juu ya Kufundisha Utambuzi wa Mimea

Mwanachuo anapoandaa somo juu ya mimea, aghalabu huanza kwa kutafuta jina. Hulitafuta kitabuni, huwauliza wenzake, na akiisha kulipata huliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Watoto hulitamka mara tatu kwa pamoja, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Sisi tunaona kwamba huko si kufundisha utambuzi. Kutambua mmea ni kuutazama, kueleza kilichoonekana, kuulinganisha na mingine inayofanana nao, ndipo kulifikia jina, tena kwa sababu zinazoweza kutajwa mbele ya watu. Jina likiyatangulia macho huwa pazia. Tutalijadili jambo hili kwa kutumia mmea mmoja tu, kwa kuwa ni mmea wa kwetu, na kwa kuwa ulitutia aibu.

Wengi wenu mmeuona mmea wenyewe. Hukaa katika chungu kidogo dirishani pa ofisi au juu ya meza ya sebuleni. Majani yake ni manene, yana umbo la yai au la duara, yamefunikwa na vinyweleo laini kama mahameli, nayo yamejipanga kuzunguka kitovu kimoja kana kwamba yametandazwa juu ya sahani. Katikati huchomoza vikonyo vyembamba vyenye maua ya rangi ya urujuani, au meupe, au ya waridi. Ni mmea wa kudumu: haufi baada ya kuzaa mbegu kama ufanyavyo mhindi, bali huchanua mwaka hata mwaka. Waingereza huuita vayoleti ya Afrika. Wajerumani huuita vayoleti ya Usambara. Wataalamu waliupa jina la Saintpaulia. Katika makala haya tutauita ua la Usambara, na sababu zitaonekana.

Tulikuwa katika ukaguzi wa mazoezi ya kufundisha, katika shule moja iliyo mguuni mwa milima ya Usambara Mashariki. Mwanachuo wetu alifundisha darasa la tano somo la sehemu za ua. Andalio lake la somo lilikuwa safi, zana zake zimetengenezwa vizuri, na juu ya meza aliweka chungu cha ua hilo alichokiazima kwa mwalimu mkuu. Aliwaambia watoto kwamba hilo ni vayoleti, ua la Ulaya, ambalo Wazungu hulipenda sana na kulipanda majumbani mwao. Mtoto mmoja wa kiume aliyeketi nyuma alinyoosha mkono. Alisema, "Mwalimu, hili lipo kwetu, kwenye mawe ya mtoni, kule juu kwa babu." Darasa likacheka. Mwanachuo naye akatabasamu, akajibu, "Hapana, hayo uliyoyaona ni magugu ya porini. Hili ni la kwenye vyungu. Haya, keti." Somo likaendelea. Sisi tulikuwa tumeketi pembeni na fomu ya tathmini mapajani, na katika nafasi ya udhibiti wa darasa tuliandika kwamba mwanachuo anamudu maswali ya wanafunzi ipasavyo.

Jambo hilo lilitukera baadaye, wakati wa chakula cha mchana, maana tulikumbuka kwamba jina la Kijerumani la ua hilo linataja milima ile ile iliyokuwa mbele ya macho yetu. Tulimtafuta yule mtoto. Jumamosi iliyofuata tulipanda naye hadi kwa babu yake, mzee wa Kisambaa mwenye shamba la iliki karibu na msitu. Baada ya shikamoo na maulizo ya hali tulimweleza haja yetu. Mzee alitushangaa. "Hayo ya kwenye mawe? Mwalimu, hayo sisi hatuyali, wala hatuyapiki dawa. Hayana kazi. Lakini kama mmeyafuata toka mjini, basi twendeni." Akatangulia na panga lake.

Tuliyakuta kwenye jabali kubwa lililo kivulini, juu kidogo ya maji. Hapakuwa na udongo wa kutosha kujaza kiganja. Mizizi ilikuwa imejishika kwenye ufa wa jiwe na katika kuvumwani. Majani yalikuwa madogo kuliko ya chungu cha mwalimu mkuu, nayo yamelala bapa juu ya jiwe. Maua yalikuwa machache, ya bluu iliyoelekea urujuani. Tulipiga magoti, tukatazama. Vinyweleo ni vile vile. Petali tano zimeungana chini, mbili za juu ni ndogo na tatu za chini ni kubwa. Katikati ya kila ua vifuko viwili vya chavua, vya rangi ya manjano, vimekaa pamoja kama punje mbili za mchele. Kando yake uzi mmoja mrefu umeinamia upande, katika ua hili kulia, katika ua lile kushoto. Hatukuwa na shaka tena. Mtoto alikuwa amesema kweli, na watu wazima wawili waliosomea kazi hiyo walikuwa wamemkatalia, mmoja kwa kinywa na mwingine kwa kalamu.

Siku ya Jumatatu tulipozungumza na mwanachuo, alituuliza kwa adabu, "Mkufunzi, mbona nyinyi mliandika kuwa nimejibu ipasavyo?" Hatukuwa na jibu. Tulirekebisha fomu, naye, tumsifu kwa hilo, alisimama mbele ya darasa akamwomba radhi yule mtoto. Hata hivyo, kwa majuma matatu yaliyobaki mtoto yule hakunyoosha mkono tena katika somo lolote tulilolikagua. Hasara hiyo ndiyo inayotufanya tuandike.

Sasa tutazame jinsi ua hili lilivyopata jina, maana historia yake ina mafunzo kwa mwalimu. Mwaka 1884 John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza Unguja, alipeleka sampuli yake katika bustani ya mimea ya Kew, London. Mwaka 1887 mmisionari W. E. Taylor, yule yule aliyejulikana kwa kukusanya misemo na mashairi ya Kiswahili huko Mombasa, alipeleka nyingine. Sampuli hizo hazikutosha kuwawezesha wataalamu kuueleza mmea mpya, hivyo zilikaa bila jina. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani wilayani Tanga, aliupata mmea huo na kupeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Zilipoota na kuchanua zilifika mikononi mwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen huko Hannover, ambaye mwaka 1893 aliutangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Jina la kwanza ni heshima kwa ukoo wa aliyeupeleka. La pili, kwa Kigiriki, maana yake ni mwenye maua kama vayoleti.

Ofisa huyo naye alikuwa mtu wa Kiswahili, kwani mwaka 1890 alikuwa ameshachapisha kitabu cha mafunzo ya lugha hiyo kwa Wajerumani. Basi wawili kati ya watatu hao walizijua lugha za hapa kiasi cha kuziandikia vitabu. Lakini jina lililobaki duniani halikutokana na Kiswahili, wala Kisambaa, wala Kibondei. Hatusemi hivyo kwa kulaumu wafu. Tunasema ili mwanachuo aone kwamba jina la kitaalamu hueleza pia nani alikuwa na kalamu siku hiyo.

Mambo mawili yafaa kuangaliwa hapo. La kwanza ni kwamba Kew walikuwa na mmea huo miaka kadhaa kabla ya Hannover, lakini kilichokosekana ni ushahidi kamili. Kipande kikavu hakikuwatosha mabingwa. Kitamtoshaje mtoto wa darasa la tano? Mwalimu anayeleta ua moja lililonyauka ndani ya bahasha na kuwataka watoto arobaini walitambue anawadai jambo ambalo wataalamu hawakuliweza. La pili ni lile neno ionantha, kama vayoleti. Wendland alisema "kama". Watu wa bustani wakaliacha neno "kama", wakasema ni vayoleti. Mwanachuo wetu naye akalipokea kosa hilo limeshakuwa elimu.

Kwa hakika ua hili si vayoleti hata kidogo. Vayoleti ya kweli, ile ya nchi za baridi, petali zake tano zimeachana, na ya chini ina mkia mdogo ulio wazi ndani, unaotokeza nyuma ya ua na kuhifadhi asali. Stameni zake ni tano, zimelizunguka ovari. Ua la Usambara halina mkia, petali zake zimeungana chini, na vifuko vyenye chavua ni viwili. Yanashirikiana rangi tu, na rangi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote katika utambuzi wa mimea. Wapandaji maua wameibadili sana. Mwaka 1927 kampuni ya Armacost & Royston ya Los Angeles iliagiza mbegu toka Ujerumani na Uingereza, ikachagua miche bora, na toka hapo ua hili likaenea katika nyumba za Marekani; mwaka 1946 wapenzi wake waliunda chama chao huko Atlanta. Leo kuna maua ya Usambara yenye petali nyingi zilizojikunja hata vifuko vya manjano havionekani. Mtoto aliyefundishwa kutambua kwa rangi atapotea mara moja. Aliyefundishwa kulitazama jani, vinyweleo vyake na mpango wake, bado ana pa kushika.

Watoto wa milimani wana kipimo kizuri zaidi kuliko vayoleti ya Ulaya ambayo hawajapata kuiona. Katika misitu hiyo hiyo, tena mara nyingi kwenye mabonde yale yale yenye unyevu, huota mimea ya jenasi ya Impatiens, ambayo nayo imekuwa kipenzi cha watunza bustani duniani. Impatiens walleriana, inayopandwa vivulini katika miji mingi ya mbali, ni mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Mwekee mtoto mimea hii miwili mbele yake. Mmoja una shina la majimaji lililosimama, mwingine shina lake ni fupi mno hata halionekani. Mmoja ua lake lina mkia mwembamba nyuma, mwingine hauna. Mmoja tunda lake lililoiva likiguswa hufyatuka na kurusha mbegu, jambo ambalo darasa lolote hulifurahia kupita hotuba zetu zote. Ikiwa watoto wameyaona hayo wenyewe, wameshajua utambuzi ni nini, hata kama hawajasikia jina lolote.

Je, majina basi yatupwe? La. Bila jina hatuwezi kusemezana, wala mtoto wa Muheza hawezi kumwandikia mwenzake wa Wundanyi juu ya kitu kimoja. Lakini mwalimu ayaweke majina mahali pake. Wataalamu wenyewe wameyabadili. Kati ya miaka ya 1950 na 1960 mtaalamu B. L. Burtt wa Edinburgh aliligawa kundi hili katika spishi nyingi, na moja aliita confusa kwa vile ilikuwa imechanganywa na nyingine. Baadaye watafiti walipunguza idadi hiyo kwa kuona kwamba tofauti nyingi zilikuwa ndogo. Kisha mwaka 2015, baada ya kuchunguza ukoo wa mimea hii kwa njia za maabara, wataalamu waliiingiza katika jenasi ya Streptocarpus, hivyo ua la Wendland sasa huitwa Streptocarpus ionanthus. Mwanafunzi aliyekariri Saintpaulia tu anaweza kuambiwa amekosa. Aliyejua majani, vinyweleo na vifuko viwili vya manjano hawezi kukosa, kwa kuwa jabali la mtoni halikupata habari za mwaka 2015.

Tukubali kwamba neno la babu, "hayana kazi", lina uzito wake pia. Watu huyapa majina mapana mambo yasiyo na matumizi kwao. Mwalimu asiende kijijini akitarajia kwamba kila mmea utakuwa na jina la Kisambaa lililokaa tayari likimngojea. Huenda likawepo, huenda mzee akasema tu "ya kwenye mawe". Hata hilo liandikwe ubaoni, maana limetaja mahali linapoota, na mahali ni alama ya utambuzi kama zilivyo petali.

Katika kufundisha tunapendekeza kwamba dakika ishirini za mwanzo jina lisitamkwe kabisa, wala na mwalimu wala na mwanafunzi alijuaye. Watoto wachore. Mchoro humlazimisha mtoto kuhesabu, na mtoto anayehesabu petali haoni haya kuuliza kwa nini mbili ni ndogo. Vikundi vya watoto watano au sita vipewe mmea mzima, si ua lililokatwa, nao waseme wanachokiona kwa kulinganisha: laini kuliko nini, nene kuliko nini, limeinamia wapi. Mwalimu aandike maneno yao kama walivyoyasema. Neno la lugha ya nyumbani likijitokeza, darasa lisaidiane kulieleza kwa Kiswahili, lisikatazwe. Kisha, na hapa ndipo tulipokosea sisi, mwalimu aulize, "Nani amepata kuona mmea unaofanana na huu, na wapi?" Jibu lolote litakalotolewa lichukuliwe kuwa ni habari ya kuchunguzwa. Mtoto anaweza kuwa amekosea; mara nyingi atakuwa amekosea. Lakini kosa lake litafutwe kwa alama za mmea, si kwa cheo cha mwalimu. "Hilo uliloliona lilikuwa na mkia nyuma? Majani yalikuwa na vinyweleo?" Mtoto akirudi kesho na kusema kwamba alikwenda kutazama na kwamba lilikuwa na mkia, amejifunza zaidi ya kile kilichomo katika andalio lolote la somo.

Tunajua mtakavyotujibu. Mtasema vipindi ni vifupi, darasa lina watoto wengi, na mtihani huuliza majina ya sehemu za ua wala hauulizi yaliyo mtoni. Ni kweli. Ila sehemu za ua zenyewe hukaa vema zaidi katika kichwa cha mtoto aliyezitafuta kwa kidole chake. Wengine mtasema kwamba mmepangiwa shule za nchi kavu, mbali na Usambara, Uluguru na Nguru ambako mimea hii huota. Basi msilitafute ua hili. Litafuteni la huko. Sehemu nyingi za nchi yetu huota Gloriosa, ua la rangi ya moto ambalo petali zake hupinda juu, na ambalo hupanda kwa kujishikiza kwa ncha za majani. Nalo ni la kudumu, hulala ardhini kama kiazi wakati wa kiangazi na kuchipua mvua zinyeshapo, nalo hupendwa na watunza bustani wa nje. Lakini angalieni: mmea wote ni sumu, na kiazi chake hasa kinaua. Hilo mwalimu alionyeshe yeye mwenyewe, watoto wasilishike, wala wasikichimbe kiazi.

Kuhusu kwenda msituni, tunawasihi sana msing'oe kitu. Aina nyingine za ua la Usambara huota katika sehemu ndogo mno. Ile ya Taita, nchini Kenya, hujulikana kutoka mlima Mbololo tu. Miti iliyo juu ya jabali ikikatwa, jua huingia, kuvumwani hukauka, na maua hayo hufa bila mtu kuyagusa. Darasa moja la watoto hamsini, kila mmoja akichukua mche wa kumbukumbu, linaweza kumaliza jabali zima kwa asubuhi moja. Msitu wa Amani umehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1997, hivyo ombeni ruhusa ya wahusika kabla ya kuingia, na nendeni na mwenyeji. Watoto wachukue michoro.

Kwa ajili ya darasani, mmea upatikane kwa mtu aliye na chungu nyumbani, naye hatapata hasara, kwa sababu ua hili huzalishwa kwa jani. Ombeni jani moja lenye afya pamoja na kikonyo chake. Kikonyo kichomekwe katika mchanga mwepesi uliochanganywa na mboji, ndani ya kopo lililotobolewa chini, na kopo liwekwe penye mwanga lakini pasipopigwa na jua. Maji yatiwe kidogo kidogo kwenye mchanga. Yakimwagwa juu ya majani yenye vinyweleo huacha madoa. Baada ya majuma kadhaa mizizi hushika, kisha vichipukizi hutokeza mguuni mwa jani lile, na kila kimoja chaweza kutengwa kuwa mmea wake. Katika shule tuliyoieleza, kopo la kwanza lilichomekwa jani na yule mtoto wa nyuma. Tulipopita tena muhula uliofuata lilikuwa na vichipukizi vinne, na kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kopo mtu alikuwa ameandika kwa penseli: Ya kwenye mawe.